Uliza Mwalimu wa Sanaa: Mama mkwe, chungu na kabati la kioo

Barua tatu za mwezi huu zinahusu jumba la makumbusho. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko kawaida yangu, na mhariri amenikubalia.

BARUA YA KWANZA

Hujambo Mwalimu? Mimi ni fundi wa cherehani hapa Nakuru, mtaa wa Section 58, na nimeolewa Siaya. Desemba tunakwenda Nairobi kwa mahafali ya shemeji yangu, na mama mkwe atakuwa nasi. Ana miaka 78, goti la kulia linamsumbua. Siku ya pili tuko huru mpaka jioni. Binti yangu wa Gredi ya 8 anataka kuona sanaa ya Kenya kwa sababu ya somo lake. Mume wangu anasema ni kupoteza pesa. "Unampeleka mama akaone vyungu? Amepikia vyungu miaka 50!" Mimi mwenyewe sijawahi kuingia jumba la makumbusho hata siku moja, na naona haya kuuliza watu. Twende wapi, na tukifika tufanye nini?

Mama Cherehani, Nakuru

JIBU

Mama Cherehani, usione haya. Wengi wanaopita mbele ya majengo hayo kila siku hawajaingia, na wengi walioingia walipelekwa na shule wakiwa kwenye mstari, wakatoka bila kukumbuka kitu ila simba aliyekaushwa.

Mume wako amesema kweli. Mama amepikia vyungu miaka 50, na hiyo ndiyo sababu ya kumpeleka. Ningekuwa mimi, yeye angetangulia mlangoni nanyi mkafuata.

Nikueleze nilivyofika hapo. Mwaka 2009 nilikuwa bado nafundisha sanaa katika shule ya upili hapa Kisumu. Waya wangu, yaani dada ya baba, alikuja mjini kutibiwa macho. Siku aliyopewa miwani nilimpeleka Makumbusho ya Kisumu, yale yaliyo kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Nia yangu ilikuwa ayajaribu macho mapya kwenye matangi ya samaki wa ziwani. Samaki aliwatazama kidogo tu, akasema hao tunawala nyumbani, akaendelea mbele. Tulipofika penye vifaa vya nyumbani akasimama mbele ya chungu kimoja. Akasimama. Mimi nikawa nimeshafika kwenye ngao, ikabidi nirudi.

Chungu kile nilikuwa nimekipita na wanafunzi labda mara 20. Kila mara niliwasomea maelezo: chungu, udongo, Waluo. Wanafunzi wakaandika, tukaenda. Waya alisogeza uso mpaka miwani ikagonga kioo, akanionyesha shingo ya chungu kwa ncha ya kidole. Palikuwa na ukanda wa vijishimo vidogo vilivyolala mshazari, vimepangana kama punje za mtama kwenye suke. Akasema kwa Kijaluo, "Huyu mwanamke alitumia kamba ya nyuzi mbili. Na alikuwa na haraka hapa." Kweli, mahali fulani ukanda ulipanda juu ya mwenzake kama mshono uliokosewa. Nilikuwa sijawahi kuuona.

Kisha akanieleza. Mfinyanzi husokota kamba, huiweka juu ya udongo ambao bado ni mbichi, na huibiringisha kwa kiganja kuzunguka shingo. Udongo ukiwa na maji mengi hunata kwenye kamba. Ukikauka sana kamba haiumi. Kuna saa yake, na saa hiyo huijui kwa kutazama, huijua kwa kugusa. Nikamwambia ni pambo zuri. Akanikatiza: si pambo peke yake. Dapi, ule mtungi wa kuchotea maji, unaushika kwa mkono uliolowa, na udongo laini huteleza. Alama zile ni za vidole kupata pa kushika.

Nikamuuliza alijifunzia wapi, kwa kuwa kwa nyanya yangu hakukuwa na wafinyanzi. Akasema, kwa mama mkwe. Aliolewa hajui hata kukanda udongo. Mama mkwe wake ndiye aliyemkalisha chini akamfundisha, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake yeye. Baadaye nilipofuatilia niligundua kuwa kwa Waluo ndivyo ufinyanzi ulivyosafiri mara nyingi, si kutoka kwa mama kwenda kwa binti wa kumzaa, kwa maana binti ataolewa aende zake, bali kwa mke wa mwana, ambaye amekuja kukaa. Hilo liweke moyoni, nitalirudia.

Jioni ile nyumbani nilikuwa nakanda unga wa chapati. Waya akachomoa uzi wa katani kwenye gunia la mkaa, akaukata vipande viwili, akausuuza, akavisokota pamoja juu ya paja. Akachukua tonge la unga nililokwisha kulisukuma, akalaza kamba juu yake, akaibiringisha mara moja kwa kiganja. Alama zikatokea, zile zile za kwenye kioo. Mwanangu wa mwisho alikuwa darasa la nne, akaomba hiyo iwe ya kwake. Tuliikaanga, na upande ulioiva kahawia mistari ilibaki. Aliila kuanzia ukingoni, akiuzunguka ukanda wa alama, akauacha mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata niliwarudisha wanafunzi kwenye makumbusho yale yale, kila mmoja na kipande cha kamba na tonge la udongo tuliochimba kando ya mto Kibos. Miaka yote ya kufundisha, hilo ndilo somo ambalo wanafunzi wangu wa zamani hunikumbusha tukikutana sokoni Kibuye.

Ndiyo maana nakwambia jumba la makumbusho limetunza chungu, na limekitunza vizuri. Lakini jina la kila sehemu ya chungu, na sababu ya kila alama, viko kichwani mwa mama mkwe wako. Vitu hivyo viwili vinapaswa kukutana vikiwa bado vyote vipo.

Sasa, mwende wapi. Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill ndiyo makubwa. Yalifunguliwa mwaka 1930 yakiitwa Coryndon, kwa jina la gavana, yakapanuliwa sana na kufunguliwa tena mwaka 2008. Kuna wanyama, ndege, mafuvu ya binadamu wa kale, na sanaa pia. Ni mahali pa siku nzima na magoti mazima. Kwa goti la mama na nusu siku yenu, mimi ningechagua Hifadhi ya Nyaraka za Taifa katikati ya mji, Moi Avenue. Kila kondakta anapajua, mwambie tu Archives. Zamani jengo hilo lilikuwa benki. Watu hudhani ndani kuna makaratasi matupu, kumbe ghorofa ya chini ni ukumbi wa sanaa, na vitu vingi mle vilikusanywa na mtu mmoja, Joseph Murumbi.

Msimulie binti yako habari za Murumbi kabla hamjaingia, ataona vitu kwa jicho jingine. Alizaliwa mwaka 1911, baba yake mfanyabiashara wa Kigoa, mama yake Mmaasai. Alisomeshwa India. Wakati wa hali ya hatari, viongozi wenzake wa KAU, chama cha kudai uhuru, walipokuwa wamefungwa, yeye alikuwa uhamishoni London akiisemea Kenya. Baada ya uhuru akawa waziri wa mambo ya nje, kisha mwaka 1966 Makamu wa Rais wa pili wa nchi hii. Mwaka huo huo akajiuzulu. Maisha yake yaliyobaki aliyatia kwenye vitabu, vitambaa, mapambo, vinyago na picha za kuchorwa, na mwaka 1972 akaanzisha pamoja na Alan Donovan duka na jumba la sanaa la African Heritage hapo Nairobi. Mkusanyo wake ungeweza kuuzwa ng'ambo. Aliuuza kwa serikali ya Kenya ili ubaki nyumbani. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa vyeo vyote. Alifariki mwaka 1990.

Kabla ya kuingia, jirani na jengo hilo kuna sanamu ya Tom Mboya, waziri Mluo. Aliuawa kwa risasi karibu na hapo, tarehe 5 Julai 1969. Mama mkwe wako wakati huo alikuwa kijana, na ametoka Nyanza. Mwache asimame kadiri atakavyo. Akitaka kusema, msikilize, akinyamaza, nyamazeni naye. Msimharakishe kwa ajili ya vyungu.

Goti likikubali, kuna Nairobi Gallery, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, kando ya Nyayo House. Chukueni teksi, msimtembeze mama. Ni jengo dogo la mawe la mwaka 1913, lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, watu walikuwa wakiandikisha hapo vizazi, ndoa na vifo. Hapo ndipo umbali wa kwenda miji mingine ulipopimiwa. Mwambie binti yako asimame pale aitafakari ile njia ya kurudi Nakuru, kilomita zote zile. Ndani kuna sehemu nyingine ya hazina ya Murumbi, na vyumba ni vidogo kiasi kwamba mzee hachoki. Goti likikataa, acheni. Mahali pamoja panatosha.

Mkifika ndani, nakuomba sana msimuulize mama, "Unakijua hiki?" Atasema ndiyo, na maneno yataishia hapo. Muulizeni kwao walikiitaje. Muulizeni nani aliruhusiwa kukishika. Mkikuta nyatiti, kwa mfano, ile yenye nyuzi nane, binti yako ataona chombo cha muziki tu. Mama atajua kwamba ni wanaume waliokuwa wakiipiga, tena wamekaa chini kwenye kigoda kifupi, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ya kugongea mti wake. Pete ile ni nusu ya muziki. Mkikuta oseke, mrija mrefu wa kunywea busaa, msiishie kutazama urefu wake. Inameni mwangalie ncha ya chini, kichujio kidogo kilichosukwa kwa mkono, kisichozidi kidole, kinachozuia machicha yasipande. Mtu aliyesuka kile alikuwa na macho! Muulizeni mama ni nani kijijini kwao aliyejua kuvisuka.

Binti aandike jina la Kijaluo kwanza, kama mama anavyolitamka, kisha Kiswahili. Huo ndio mradi wake wa shule, hahitaji kutafuta mwingine.

Kuna vitu ambavyo hata mama hatavijua, na hapo ni pazuri pia. Akikutana na kigoda cha Waturkana au cha Wapokot, kidogo, cha mti mmoja, atauliza mtu mzima anakaliaje kitu kama hicho. Mwambieni ni kigoda mchana na mto usiku: mwanaume aliyesukwa nywele na kupakwa udongo huweka shingo hapo alale bila kuharibu kichwa. Ataelewa mara moja, maana ameshalea mabinti waliosukwa kesho wana sherehe.

Mambo madogo. Bebeni vitambulisho, kwa kuwa raia hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, na pesa iwe kwenye simu. Hifadhi ya Nyaraka ni ofisi ya serikali, basi nendeni siku ya kazi. Kunyweni chai kwanza. Mwombeni mhudumu kiti cha mama mara tu mkiingia, msingoje achoke. Saa moja ndani inatosha.

Na kwa sababu umesema hujawahi kuingia, usingoje Desemba. Hapo Nakuru unapokaa, kilomita chache ukielekea Nairobi, kuna Hyrax Hill. Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na 1938 akakuta makazi na makaburi ya watu wa kale. Kuna nyumba ndogo ya makumbusho, lakini kinachonipendeza zaidi kiko nje: mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Watu walikaa juu ya jiwe lile wakacheza, wakabishana kete. Mpeleke binti Jumamosi moja, uzoee. Na mkirudi Siaya kwa Krismasi mpitie Kisumu, kwenye boma la Kiluo lililojengwa ndani ya makumbusho, linaitwa Ber-gi-dala. Mama hatahitaji maelezo ya mtu. Atasimama langoni, atakuonyesha nyumba ya mke wa kwanza inayotazama lango, simba, yaani nyumba ya mwana wa kiume, ghala, zizi, na atakwambia palipokosewa kama papo.

Nilisema nitarudia jambo la mkwe. Usimwachie binti peke yake kazi ya kuuliza. Uliza wewe. Wewe ni mke wa mwana, na kwa desturi ya kwao maarifa ya aina hii yalikuwa yakingoja mtu kama wewe aingie bomani. Tena wewe ni fundi wa nguo. Mama akianza habari za kamba ya nyuzi mbili na ya nyuzi tatu, wengine watatikisa kichwa tu kwa heshima, lakini wewe utaelewa anachosema.

BARUA YA PILI

Mwalimu, mimi ni mchongaji wa mawe ya sabuni, Tabaka. Nimetembelea makumbusho mara tatu. Picha iliyochorwa ina jina la mchoraji. Lakini kwa chungu, kigoda au sanamu ya zamani wanaandika kabila tu. Kwani kabila ndilo lililochonga?

Mchongaji, Tabaka

JIBU

Ndugu yangu, hapana. Kabila halishiki patasi. Kila kimoja kati ya vitu vile kina mtu wake, aliyekuwa na jina, na huenda alikuwa na mgongo unaouma kama wako jioni.

Vitu vingi vya zamani vilikusanywa wakati wa ukoloni na maafisa, wamishonari na wasafiri. Hawakuvinunua kama sanaa, bali kama mfano wa maisha ya kabila, jinsi mtu anavyokusanya vipepeo. Wakaandika kabila, mahali, tarehe, na jina la mkusanyaji mwenyewe. Kuuliza "nani aliyetengeneza?" hakukuwemo kwenye fomu zao. Wahifadhi wa makumbusho wa leo wamerithi karatasi hizo, na hawawezi kuandika jina ambalo halikuulizwa miaka 90 iliyopita.

Jina lina kazi kubwa kuliko heshima. Mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yalikuwa na maonyesho kuhusu vitu vya Kenya vilivyoko nchi za nje. Watafiti walikuwa wameorodhesha zaidi ya 32,000 katika majumba ya Ulaya na Marekani. Humo ukumbini yaliwekwa makabati ya kioo yasiyo na kitu ndani. Mimi nilisimama mbele ya kabati tupu kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusimama mbele ya lililojaa. Ukitaka kuvidai vitu hivyo utaanzia wapi, kama karatasi inasema tu "Kenya, kigoda"? Linganisha na fimbo tatu za Koitalel Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepigana na Waingereza. Zilichukuliwa alipouawa mwaka 1905, na mwaka 2006 zikarudishwa Kenya kutoka kwa jamaa ya afisa aliyezichukua. Zilikuwa na jina la mwenyewe tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyebisha ni za nani.

Kwenu Tabaka mnajua faida ya jina kuliko wengi. Elkana Ong'esa ametoka huko huko kwenye mawe yenu, na ndege wake wa amani yuko Paris, makao makuu ya UNESCO, tangu mwaka 1978. Hakuna anayeandika pale "ndege, Wakisii".

Lakini nikuulize nami, kwa upendo. Sahani, bakuli na viboko unavyouza kwa mawakala, umevitia jina? Nimenunua vitu vingi vya Tabaka, nimevigeuza vyote chini juu, na chini yake nimekuta msasa mzuri na vibandiko vya bei. Najua wakala hupendelea kisicho na jina, ili mteja asikutafute moja kwa moja. Najua pia ukigoma atakwenda kwa jirani. Basi anza na vile vikubwa, vinavyokuchukua wiki. Chonga jina lako kwenye kitako kwa ncha ya msumari, na mwaka. Dakika mbili. Na baba yako au babu yako kama alikuwa mchongaji, na bado kuna kazi yake nyumbani, hata kama ni kinu kilichopasuka, igeuze uandike jina lake leo, wakati wewe bado unakumbuka mkono wake ulivyokata.

BARUA YA TATU

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Kakamega. Tunakwenda ziara ya makumbusho. Je, naruhusiwa kuchora ndani? Nataka kuchora isukuti, ile ngoma yetu. Na nikiichora, nitakuwa nimeiba sanaa ya mtu?

Mwanafunzi, Kakamega

JIBU

Marahaba. Kuchora kwa kawaida hakukatazwi, ila ni adabu kumwomba mhudumu mlangoni. Ingia na penseli, acha kalamu ya wino na rangi za maji kwenye begi, na daftari lako usiliegemeze juu ya kabati. Ukipiga picha kwa simu, zima mwanga, maana unachosha rangi za vitambaa na ngozi.

Hujaiba. Kuchora ni kujifunza, mradi usiseme umeibuni.

Ila isukuti ni yenu, ninyi wa Isukha na Idakho, kwa hiyo nakutegemea uchore kuliko mgeni. Mwaka 2014 UNESCO iliweka uchezaji wa isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kwenye kabati utaona gogo lililotobolewa na ngozi. Chora ngozi ile kwa makini: kwa desturi ni ya kenge, na ukisogea utaona magamba, safu kwa safu, madogo kama mbegu za mchicha. Usiyapake kivuli tu ukapita. Hesabu vigingi vinavyoishikilia. Angalia ni wapi ngozi imeng'aa, hapo ndipo viganja vilipoangukia.

Mchoro wako wa kwanza utakuwa wa ngoma iliyolala. Isukuti haipigwi ikiwa imelala, hubanwa kwapani. Kwa hiyo ukirudi nyumbani, Jumamosi yoyote penye arusi au matanga, nenda na daftari lile lile, ukurasa wa pili. Simama upande wa kushoto wa mpigaji, mahali usipomzuia, uchore bega, kwapa na vidole. Atakuwa anasogea, mistari yako itakosea, ichore hivyo hivyo. Akipumzika mwonyeshe, na umwombe akuandikie jina lake hapo chini kwa mkono wake mwenyewe.